Dunia haijajaa, ila mama ana haki ya kusema imetosha

Kila ikifika tarehe 11 Julai, siku ya idadi ya watu duniani, ubishi unaanza upya. Kwenye daladala za Igoma, kwenye redio asubuhi, kwenye grupu la whatsapp la ukoo wetu, kote swali ni moja tu, hivi dunia imejaa au bado ina nafasi? Safari hii kwenye grupu letu mambo yaliwaka kweli, baba mkubwa mmoja anasema kila mtoto huja na riziki yake na mzungu asitupangie, binamu yangu aliyesoma chuo anamjibu kwamba tuzae wawili wawili basi maana dunia imeelemewa, wakabishana mpaka usiku wa manane na sikuona hata mtu mmoja aliyewauliza mashangazi na mama zetu waliomo humo humo kwenye grupu, wale waliozaa saba, wanane, tisa, kwamba nyie mnasemaje. Walikaa kimya, wanasoma tu. Ndo maana naandika.

Mi nauza kwenye duka la dawa muhimu huku Mabatini, Mwanza. Wanaonunua vidonge vya majira wananunua kwangu, wanaokuja mbio asubuhi wanataka P2, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, wanakuja kwangu, na wanaokuja kuulizia homa ya mtoto wa sita huku wa saba yuko tumboni nao wanakuja kwangu. Kwa hiyo jambo hili mimi naliona sura kwa sura, na ninachotaka kusema nakisema mapema ili asiye na muda asome hapa aishie. Wingi wa watu sio ugonjwa wa dunia, na uzazi wa mpango haukuletwa kuitibu dunia. Uzazi wa mpango ni mali ya huyo mama mwenyewe, afya yake, mwili wake, pumzi yake. Kila unapoutangaza kwa hofu kwamba dunia inajaa, unampa mumewe sababu ya kuukataa.

Hofu yenyewe ni ya zamani mno. Mwaka 1798 mchungaji mmoja Mwingereza, Thomas Malthus, aliandika kwamba watu wanaongezeka haraka kuliko chakula na lazima njaa ije iwapunguze. Wakati huo dunia nzima haijafika hata watu bilioni moja. Mwaka 1968 akaja Mmarekani Paul Ehrlich, akasema miaka ya 1970 mamia ya mamilioni watakufa kwa njaa, dunia ikiwa na watu kama bilioni 3.5. Tarehe 15 Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ukatangaza tumefika bilioni 8. Njaa ya namna ile haikuja, kwa sababu kulikuwa na mbolea ya viwandani, kulikuwa na ngano fupi za mwanasayansi Norman Borlaug zilizompa Nobel ya amani mwaka 1970, kulikuwa na wakulima wa India na Pakistan waliozipanda. Huyo huyo Ehrlich mwaka 1980 aliwekeana dau na mchumi Julian Simon kuhusu bei za madini matano, yeye akisema yatapanda bei maana watu wanazidi na madini yanaisha, 1990 ikafika, bei zimeshuka, akamtumia mwenzake cheki ya dola 576 na senti kidogo.

Ila wanaomcheka Ehrlich nao sikai upande wao. Njaa ipo. Amartya Sen, mchumi wa India aliyeishuhudia akiwa mtoto ile njaa ya Bengal ya 1943, alikuja kuonyesha kwamba watu wale walikufa wakati chakula kipo, walichokosa ni uwezo wa kukinunua. Hilo mtu wa Mwanza halihitaji kufundishwa. Nenda Mwaloni pale Kirumba alfajiri uone dagaa ilivyorundikwa magunia kwa magunia, inapakiwa kwenye malori kwenda Kongo, kwenda Dar, kwenda viwanda vya chakula cha kuku, halafu panda mlimani kwetu uone mtoto mwenye nywele zimegeuka rangi kwa kukosa protini. Umbali wa daladala moja.

Alafu kuna kitu ambacho wengi hawajakisikia. Kasi ya dunia imeshashuka. Miaka ya 1960 mwanamke duniani alikuwa anazaa kwa wastani watoto watano, leo ni kama 2.3. Korea Kusini mwaka 2023 ilifika 0.72, yaani wanawake wawili hawapati hata watoto wawili kati yao, shule zinafungwa kwa kukosa wanafunzi. Japani idadi inapungua zaidi ya miaka kumi sasa. Makadirio ya Umoja wa Mataifa ya 2024 yanasema tutafika kama bilioni 10.3 miaka ya 2080 halafu tuanze kushuka. Kwa hiyo hilo bomu la watu wanaloogopeshana nalo halipo, kipo kilima kirefu ambacho kilele chake tayari kinaonekana.

Sisi bado tunapanda, hilo sifichi. Sensa ya kwanza baada ya uhuru, 1967, Tanzania tulikuwa milioni 12.3. Mwaka 2012 tukawa milioni 44.9. Mwaka 2022 tukawa 61,741,120, ongezeko la asilimia 3.2 kila mwaka, na kwa mwendo huo nchi inakuwa mara mbili ndani ya miaka kama 22. Mkoa wetu wa Mwanza pekee ulitoka kama milioni 2.77 ukafika 3,699,872, zaidi ya watu laki tisa wapya ndani ya miaka kumi. Umoja wa Mataifa unasema nchi nane tu ndizo zitakazobeba zaidi ya nusu ya ongezeko lote la dunia mpaka 2050, na Tanzania imo, pamoja na Kongo, Ethiopia, Nigeria, Misri, India, Pakistan na Ufilipino.

Sasa hapa ndo binamu yangu anasimama anasema si unaona, tunazaa kupita kiasi. Ngoja kwanza. Miaka ya mwanzo ya 1990 mwanamke wa Tanzania alikuwa anazaa wastani wa watoto zaidi ya sita, utafiti wa afya wa 2022 ukakuta 4.8. Tunazaa wachache kuliko mama zetu. Kilichotokea ni kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 kati ya watoto 1,000 waliozaliwa, karibu 147 walikuwa wanakufa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 ni 43. Hawa watoto wanaotuongezea idadi ni wale ambao zamani tungewazika. Ni surua iliyopata chanjo, ni malaria iliyokutana na chandarua na dawa ya mseto, ni kuhara kulikotibiwa kwa ORS na zinki ninazouza mimi kwa bei ambayo hata mama wa kuokoteza anaimudu. Bibi yangu mzaa baba alizaa kumi na mmoja, waliokua ni watano. Mtu akisema mbele yangu kwamba tumezidi, huwa namfikiria bibi na wale sita, na sijui nimjibu kwa upole gani.

Na hata kila mwanamke hapa nchini akiamua kuanzia kesho watoto ni wawili tu, bado tutaongezeka kwa miaka mingi, kwa sababu zaidi ya asilimia 40 ya Watanzania wana umri chini ya miaka 15 na hao wote wanakuja kuwa wazazi. Kwa hiyo madarasa yanatakiwa, maji yanatakiwa, ajira zinatakiwa, mtu apende asipende. Kusema tu "tupunguze kuzaa" hakumwondolei diwani wala mbunge kazi hata moja.

Maji ndo mfano ninaoujua kwa mgongo wangu. Tunakaa juu ya mawe, nyumba zimepanda mlima mpaka kule ambako hata bajaji haifiki, na ukisimama mlangoni kwangu unaliona ziwa lote mpaka upande wa Sengerema. Ziwa Viktoria, la pili kwa ukubwa duniani kwa maziwa ya maji baridi, kilomita za mraba kama 68,800. Na kwa miaka mingi bombani hakutoki kitu, unaamka saa kumi usiku kusikilizia kama bomba linakoroma, halikoromi, unamwita kijana wa madumu, anapanda na madumu mawili ya lita 20 begani, jasho linamtoka, na bei inapanda kadiri nyumba yako ilivyo juu, yaani maskini wa juu kabisa ndo ananunua maji ghali kuliko mwenye geti kule chini. Watu wakawa wanasema Mwanza tumekuwa wengi, maji hayatutoshi. Ziwa lile halitutoshi? Kilichokuwa hakitoshi ni pampu, mabomba na matenki, jiji zima lilikuwa linategemea chanzo cha Capripoint kilichojengwa kwa watu wa enzi nyingine. Kilipojengwa chanzo kipya cha Butimba chenye uwezo wa lita milioni 48 kwa siku, mitaa kadhaa ikaanza kupata maji, na watu hawakupungua hata mmoja. Mgao haujaisha kwetu wa juu, nalalamika bado, lakini angalau sasa kila mtu ameona tatizo lilikuwa wapi.

Nenda kwa samaki pia. Kila mtu anasema samaki wameisha kwa sababu wavuvi wamejaa, na ni kweli wavuvi wa ziwa zima, nchi zote tatu, waliongezeka kutoka kama 130,000 mwaka 2000 mpaka zaidi ya 200,000 miaka kumi na kitu baadaye. Ila pigo kubwa kuliko yote lililowahi kulipata ziwa hili halikuletwa na wingi wa watu. Miaka ya 1950, enzi za mkoloni, walipandikiza sangara ziwani ili biashara ya uvuvi ikue. Miaka ya 1980 sangara akalipuka, akala furu, samaki wadogo wa asili, mamia ya aina za furu ambazo hazipo popote pengine duniani zikapotea. Vikaja viwanda vya minofu, fileti ikapanda ndege kwenda Ulaya, sisi tukabaki na mapanki, kichwa na mifupa, ya kukaanga. Siku hizi bondo la sangara, kile kifuko cha hewa cha tumboni, linasafirishwa kwenda China na Hong Kong na kwa kilo lina bei kubwa kuliko samaki mwenyewe, mvuvi anapasua samaki macho yote yako kwenye bondo. Ukikaa ukahesabu midomo iliyokula sangara wa Mwanza, midomo mingi haipo Mwanza, haikuhesabiwa na karani wetu wa sensa.

Ndo hapo ninapowashangaa wanaotutazama kutoka mbali. Mtanzania mmoja kwa mwaka hewa ya ukaa anayotoa haifiki hata nusu tani, Mmarekani mmoja ni kama tani 14. Tanzania tuko watu kama 70 kwa kilomita ya mraba, Uholanzi zaidi ya 500, na Uholanzi ni kati ya wauzaji wakubwa kabisa wa mazao ya kilimo duniani. Hakuna anayekwenda Amsterdam kuwaambia wamejaa.

Sasa nataka nikae kidogo na Ukara, maana kisiwa hiki kidogo hapo kaskazini ya Ukerewe kinasema mengi kuhusu huu ubishi kuliko vikao vyote. Wakara wamebanana tangu zamani sana, tangu kabla ya wakoloni, na watafiti wa kikoloni walipofika walishangaa. Ng'ombe hawaachiwi wazagae, wanafungiwa ndani ya nyumba kwenye shimo, wanakatiwa majani wanaletewa, samadi inajaa, inatolewa kwa vikapu inapelekwa shambani. Wanapanda marejea katikati ya mazao halafu wanayafukia kurutubisha udongo. Kuna matuta ya mawe, kuna mpunga kwenye mabonde, kila mti una mwenyewe. Udongo ule ule, mchanga mtupu, ukawalisha watu kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1965 mchumi mmoja wa Denmark, Ester Boserup, aliandika kinyume kabisa na Malthus, kwamba watu wakibanana ndo wanabuni kilimo bora, na Ukara ni kama imeumbwa kumshuhudia. Tena Wakara waliohamia bara, kwenye ardhi tele, wengi waliacha samadi na marejea, wakalima kama majirani zao. Haikuwa lazima tena.

Wanaoipenda hadithi hii huishia hapo. Mimi nina shangazi kaolewa upande ule, na nikienda kumsalimia naona jinsi hilo shamba linavyolishwa. Anayebeba kikapu cha samadi kichwani ni mwanamke. Anayekata majani ya ng'ombe ni mwanamke, anayeteka maji, anayepalilia, anayefukia marejea, na mgongoni kuna mtoto. "Mayo, hii samadi na huyu mtoto, vyote ni mimi," aliniambia hivyo shangazi akiwa ameinama, hakusimama hata kunitazama. Boserup alisema kweli kwamba watu wengi wanaweza kulishwa na ardhi ndogo kwa kuongeza kazi, na ukweli mwingine ni kwamba hiyo kazi ina mtu maalumu anayeifanya. Na mashamba nayo yanakatwakatwa. Mume wa shangazi alirithi kipande, vijana wake wanne wamegawana hicho hicho, muhogo unaliwa na magonjwa ya batobato na michirizi kahawia, wawili wameshaondoka, mmoja anavua kwenye visiwa vya mbali, mwingine anaendesha bodaboda hapa Buhongwa. Kubanana kupo, sio hadithi ya wazungu.

Na siwezi kutaja Ukara nikaruka tarehe 20 Septemba 2018. MV Nyerere ilikuwa inatoka Bugolora kwenda Bwisya, kivuko kilichoruhusiwa kubeba abiria 101, kikapinduka karibu kabisa na gati, wakafa zaidi ya 220. Siku ya gulio ilikuwa. Nilisikia watu wakisema hata msibani, watu wamekuwa wengi jamani. Hapana. Wale walikuwa akina mama na watoto wa shule na wafanyabiashara wanarudi makwao na mahindi yao, na njia yao ilikuwa ile.

Sasa turudi kaunta, maana hapa ndo roho yangu iko.

Kuna mama huwa anakuja jioni, karibu na kufunga, anasubiri wateja waishe. Kadi yake ya uzazi wa mpango hakai nayo nyumbani, alishamwomba muuguzi wa kituo abaki nayo huko. Alianza na sindano ya miezi mitatu kwa sababu haiachi alama, kijiti alikiogopa maana mkononi mumewe angekishika akakiuliza. Sindano ikamletea kutokwa damu kila wiki, mume akaanza maswali, akaacha, akahamia vidonge, na vidonge anavificha ndani ya gunia la mchele. Ana watoto watano, wa mwisho alimzaa kwa upasuaji na alipoteza damu nyingi, daktari alimwambia wazi kwamba mimba nyingine karibuni ni hatari. Alijaribu kumwambia mumewe. Jibu alilopewa ni kwamba hayo mambo ya kupanga ni mpango wa wazungu wa kutupunguza Waafrika, alisikia kwenye redio.

Mi nilishindwa kumlaumu yule baba kabisa, na hapa naomba mnielewe. Hilo wazo halikutoka hewani. India, wakati wa hali ya hatari 1975 mpaka 1977, serikali iliwafunga vizazi wanaume zaidi ya milioni sita ndani ya mwaka mmoja tu, wengine kwa kukamatwa kama mifugo, wengine kwa kunyimwa haki mpaka wakubali. China kuanzia 1980 mpaka 2015 ilikuwa mtoto mmoja, na wanawake wakalazimishwa kutoa mimba. Yote yalifanywa kwa sababu hiyo hiyo, dunia inajaa, nchi inajaa. Mtu akisikia historia hiyo halafu anakuja mtu mwenye fulana ya mradi kumwambia azae wachache kwa sababu Tanzania inaongezeka haraka, unategemea afikirie nini? Atafikiria anahesabiwa. Atakataa, na mzigo wa kukataa kwake ataubeba mkewe.

Na viongozi wetu nao wakaongea juu ya vichwa vya wanawake. Septemba 2018 Rais Magufuli akiwa Meatu, mkoa wa Simiyu hapo jirani, alisema wanaopanga uzazi ni wavivu, wanaogopa kulisha watoto, na muda mfupi baadaye matangazo ya uzazi wa mpango yakasimamishwa redioni na kwenye tv. Nakumbuka jinsi maneno yale yalivyofika mpaka dukani, wanaume wanayarudia mbele ya wake zao wakicheka. Yeye alizungumzia nguvu kazi ya taifa, wale wengine wanazungumzia mzigo wa dunia, na kwa huyu mama wa gunia la mchele mazungumzo yote mawili ni mamoja, tumbo lake linajadiliwa na watu ambao hawatakuwepo siku ya kujifungua.

Utafiti wa 2022 unaonyesha ni karibu theluthi tu ya wanawake walio kwenye ndoa wanaotumia njia za kisasa, na Kanda ya Ziwa tuko chini ya hapo. Kila msichana mmoja kati ya watano wa miaka 15 mpaka 19 alishazaa au ana mimba. Wengi wao hawakuamua kuongeza idadi ya Watanzania, hawakuamua chochote. Sheria ya ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe mzazi akikubali, mpaka mwanaharakati Rebeca Gyumi alipoipeleka mahakamani, akashinda 2016, na 2019 mahakama ya rufani ikasema vifungu vile ni kinyume cha katiba. Novemba 2021 ndo serikali ikaruhusu waliojifungua warudi shule. Kwa wale wanaotaka sana kuona idadi inapungua, hiki hapa ndo kinachoipunguza kila nchi kilipofanyika, binti akae shule mpaka amalize, mtoto wake asife, na akitaka kupumzika kuzaa asitafute gunia la kufichia vidonge. Korea walifika walipofika, Bangladesh wametoka karibu watoto saba mpaka kama wawili, na Bangladesh haikuwa tajiri. Sio kwamba nawapa njia ya kupunguza watu, hata kama hivyo vitu visingepunguza mtu hata mmoja ningevitaka vile vile.

Na kuna upande mwingine wa haki hiyo hiyo ambao wapiga kelele wa dunia kujaa hawaugusi. Wapo wanaokuja kwangu wanataka mtoto, hawapati. Mmoja ameolewa miaka mingi, mawifi wanamwita majina, ameshazunguka kwa waganga mpaka Magu na Kahama, kumbe ni maambukizi ya zamani yaliziba mirija, kitu ambacho kingetibiwa mapema kwa antibayotiki. Naye amesahauliwa, kwa sababu kwenye hesabu ya watu waliozidi mwanamke asiyezaa hana shida. Yeye ana shida, analia hapa kwenye kiti changu.

Baba mkubwa, kama unasoma, sikubishii kuhusu riziki. Nakuomba tu siku ukikaa na vijana wa ukoo uwaambie wawasindikize wake zao kliniki. Na binamu, acha kuwatumia watu grafu za Umoja wa Mataifa usiku, tumia huo usomi kuibana halmashauri kuhusu shule ya msingi ya hapa chini ambako la kwanza wanakaa sakafuni tangu elimu bila ada ianze 2016 na madarasa hayakuongezwa kwa kasi ya watoto.

Kwa dada zangu mnaonitumia meseji mkiuliza, nawajibu hapa wote kwa pamoja. Kwenye vituo vya afya vya serikali huduma ya uzazi wa mpango ni bure, kijiti, kitanzi, sindano na vidonge, na mwanamke mtu mzima anaweza kwenda mwenyewe. Ukipata maudhi, damu kutoka ovyo, kichwa, usiache kimya kimya, rudi wakubadilishie njia, zipo nyingi. Kama umejifungua kwa upasuaji mwambie muuguzi kabla hajakuchagulia chochote, na kama unanyonyesha mwambie pia, maana vidonge vya anayenyonyesha ni tofauti. Dukani kwangu vidonge na kondomu vipo, kijiti na sindano siruhusiwi kutoa lakini nitakuelekeza kituo cha karibu na siku ambazo hakuna foleni, na kama unataka kadi yako isiende nyumbani, muulize muuguzi, wengine wanakubali kukutunzia.